Punda Atoke Mzima

Jumamosi, 2 Machi

Daktari wa Meno amesema mbele za watu kwamba mkono wangu hauwezi kuandika zaidi ya jina langu, na hilo nalo kwa kubahatisha. Basi shajara hii ndiyo jibu lake. Nitaandika msimu mzima wa mvua, tone la kwanza hadi la mwisho, kisha nitampelekea pale kwenye kiti chake cha kung'olea meno aisome. Safari hii atakayebaki mdomo wazi ni yeye.

Mimi ndiye Mdomo. Jina la kwenye cheti lipo, lakini limelala sandukuni pamoja na cheti chenyewe. Nilifika kidato cha pili, mimi na shule tukaachana kwa amani, kila mmoja akimshukuru mwenzake. Sasa napiga pasi katika chumba cha ushonaji cha Shangazi, dada wa marehemu baba, aliyenilea. Suruali niliyoipitia mimi, mkunjo wake unaweza kukatia mkate.

Yaliyotokea leo ni haya. Jumba letu la maigizo, lile lililojengwa na wafanyakazi wa kiwanda cha magunia enzi babu zetu wakiwa vijana, limefungwa miaka mingi sasa. Mlango una kutu, na ndani popo ndio wanaolipa kodi. Waliowahi kuigiza humo utotoni wamekusanyika uani kujitolea kulifufua. Wanajiita Wahitimu, utadhani Jumba lilitoa digrii. Mama Pazia, anayelitunza tangu alipokuwa msichana wa kuvuta kamba ya pazia, alikuwa amewaita. Na mimi nilikuwepo. Hata mimi ni Mhitimu: nikiwa na miaka minane nilicheza Mkulima wa Tatu, asiyesema kitu. Kosa kubwa la upangaji.

Bwana Afisa wa majengo ya mji naye alifika na kalamu yake. Hakuitia mfukoni hata alipokuwa akisalimia.

"Nyumba isiyotumika ni ghala," akasema. "Na kuna mfanyabiashara wa saruji anatafuta ghala. Nawapa msimu huu. Kabla mvua hazijaisha, onyesheni mchezo mmoja, mwanzo hadi mwisho, watu wamejaa. Nitaketi mwenyewe. Mlango nawaachia wazi, ufunguo nabaki nao mimi; ukikatika katikati, nafunga naondoka nao."

"Na mvua ikinyesha siku hiyo?" akauliza Dereva wa Lori, jitu la mtu lenye sauti ya honi.

"Mvua haimo katika mamlaka yangu."

Mchezo ni uleule wa siku zote, Kesi ya Punda. Punda amekula joho la Hakimu, na Hakimu huyohuyo ndiye anayemhukumu. Punda ana mtetezi mmoja tu, Wakili, na Wakili ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Mama Pazia akauliza nani ataweza nafasi hiyo. Nilikuwa nimeshasimama kabla hajamaliza kuuliza.

Tatizo ni moja. Mchezo huu haujaandikwa popote. Wale wa magunia walilishana maneno mdomo kwa mdomo, na ndiyo sheria ya Jumba hadi leo: aliyecheza nafasi ndiye anayemlisha anayefuata. Anasema, unarudia, hadi umeze. Kuandika ni mwiko. Kwa hiyo wewe msomaji usidhani utaiba mistari humu.

Mawakili wa zamani wametawanyika miji ya mbali. Aliyebaki hapa ni mmoja. Naye ni Shangazi yangu, ambaye hajakanyaga Jumba tangu nizaliwe.

Jumapili, 3 Machi

"Shangazi, nilishe Wakili."

Alikuwa na pini midomoni. "Pasi inaunguza."

"Haiunguzi. Nilishe. Sauti ninayo, umbo ninalo, maneno ninayo."

Akazitoa pini moja moja. "Mdomo unao. Masikio unayo ya kushikilia kofia. Nenda ukapige pasi."

Binti yake Sindano, aliyekonda hivyo na mwenye ncha hivyo, akacheka mpaka akajikwaa kwenye cherehani. Yeye ameshapata nafasi: miguu ya mbele ya Punda. Na kichwa. Anajivuna kana kwamba punda halisi walishindania nafasi hiyo wakashindwa naye.

Jumatatu, 4 Machi

Pasi. Shangazi hajasema neno.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemwomba tena. Amesema debe tupu haliachi kuvuma. Nikamwambia ndiyo maana ngoma hazijazwi mchanga. Nimelala bila chai.

Jumamosi, 9 Machi

Siku kubwa. Wahitimu wamekuja na fagio, nyundo na nguo kuukuu. Nani alikuwa kiongozi? Sitaki kujisifu, lakini mtu akiuliza, ni mimi.

Bati la zamani lilikuwa kama chujio, ukitazama juu unaona mbingu kwa vipande. Dereva alileta mabati mapya kwenye lori lake, zawadi ya Mhitimu mmoja aliyefanikiwa huko aliko. Chini ya bati kulikuwa na dari ya magunia, tabaka juu ya tabaka, meusi, yamejaa kinyesi cha popo. Ukiyagusa, karne nzima inakuingia puani.

"Haya tuyafanyeje?" wakauliza.

"Yatoke," nikasema. "Tunajenga jumba au tunafuga popo?"

Wakapiga makofi. Daktari wa Meno peke yake alisimama na miwani yake, akasema tumngoje Mama Pazia, aliyekuwa amekwenda kumwona dada yake. Nikamwambia, "Daktari, wewe unang'oa meno ya watu bila kumngoja mama yao." Watu walicheka hadi mtu mmoja akashuka ngazi akae. Daktari hakucheka. Tukayang'oa magunia yote, tukayachoma uwanjani. Moshi ulikaa mtaani hadi jioni na kila aliyefua alinilaani.

Jumatatu, 11 Machi

Mama Pazia amerudi. Alisimama katikati ya ukumbi akatazama juu. Mabati yanang'aa, huoni tundu.

"Nani aliyetoa magunia?"

"Ni mimi, Mama," nikasema, kifua mbele.

"Naona," akasema, akaenda zake kufungua madirisha.

Nimefikiri labda alikosa maneno kwa furaha.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua ya kwanza.

Tulikuwa jukwaani, Dereva amekalia kiti cha Hakimu, Sindano na Daktari wanajifunza kutembea kama mnyama mmoja. Daktari ndiye miguu ya nyuma. Ilikuwa nafasi yake ujanani na hakuna kijana anayeitaka, kwa sababu zinazoeleweka. Dereva akafungua kinywa kusoma mashtaka. Halafu mvua ikashuka.

Nimewahi kusimama kando ya mashine ya kusaga. Nimewahi kuishi na Sindano. Sijawahi kusikia kelele kama ile. Midomo ya Dereva ilikuwa inafunguka na kufumba kama ya samaki. Nilipiga kelele "Aaa" kwa nguvu zangu zote na mwenyewe sikujisikia. Mabati mapya hayavuji hata tone, lakini kila tone linapiga ngoma.

Ilipokatika, Mama Pazia aliongea taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Wale wa magunia hawakuwa wajinga, mwanangu. Waliweka bidhaa yao juu ili mvua ishuke na kunyamaza humohumo. Kila kundi la waigizaji lililofuata liliongeza gunia moja. Ndiyo ilikuwa zawadi ya kuaga."

Kila mtu akanitazama. Hata sehemu ya mbele ya Punda.

"Tutatafuta mengine," nikasema.

"Kiwanda kilikufa," akasema Dereva. "Siku hizi magunia ni ya plastiki. Ukiyaweka juu yatapiga makofi pamoja na mvua."

Nimerudi nyumbani.

Ijumaa, 15 Machi

Nimepiga pasi kutwa nzima. Sikuzungumza na mtu. Hata mteja aliyesema suruali yake ina mkunjo mmoja tu nilimwachia hivyohivyo.

Magharibi Shangazi akazima taa ya cherehani. "Tangu asubuhi sijakusikia. Unaumwa?"

"Hapana, Shangazi."

"Umesikia nini leo?"

Swali la ajabu. Nikafikiri. Nikamwambia nimesikia cherehani yako inagonga mara mbili kabla ya kukaza uzi, nimesikia Sindano anapanda ngazi kwa mguu wa kushoto kwanza, nimesikia jirani anamwimbia mtoto wimbo anaousahau katikati kila siku.

Akaweka mkasi mezani. "Masikio yamefunguka. Simama hapo."

Akasema mstari wa kwanza wa Wakili.

Sina namna ya kuueleza bila kuuandika, na kuandika ni mwiko. Nitasema hivi: mwanamke mwenye futi ya kupimia shingoni alipotea, na mbele yangu akasimama mtu ambaye ningempa kesi zangu zote, za nyuma na zijazo.

Nikarudia. Nikakosea.

"Nasema mara moja kwa siku," akasema. "Umekosa, rudi kesho."

Jumamosi, 16 Machi

Nimeushika. Neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Maana pumzi nayo inalishwa: pale alipovuta hewa nawe unavuta. Shangazi alivuta palepale alipovuta aliyemlisha, naye palepale, kurudi nyuma hadi kwa mfuma magunia ambaye hakuna anayejua sura yake. Shangazi ananiambia nisivute hewa kama mtu anayepanda mlima.

Juu ya bati, tukipiga misumari, Dereva alinieleza kwa nini Shangazi hakanyagi Jumba. Nusura nidondoke kwa kicheko.

Zamani mwisho wa Kesi ulikuwa mmoja. Hakimu anamhukumu Punda ambebe mgongoni maisha yake yote, Punda anakubali, pazia. Mwaka wa Shangazi, naye ana miaka kumi na saba, akaona ni mwisho wa kijinga. Basi siku ya onyesho, jukwaani, mbele ya mji mzima, bila kumwambia mtu, alipomaliza hotuba ya Wakili akaongeza maneno yake mwenyewe, akamtetea Punda mpaka Hakimu akalazimika kumwachia huru. Miguu ya mbele ikaelewa ikaanza kutoka. Miguu ya nyuma haikuelewa, ikabaki. Ngozi ikapasuka katikati. Kichwa kikaenda uhuruni, na pale jukwaani kikabaki kijana ameinama, makalio ya punda kiunoni, peke yake.

Kijana huyo ndiye Daktari wa Meno.

Mji ulicheka mwezi mzima. Mpaka leo mgonjwa anayeogopa sindano humwita Nusu Punda akishatoka nje. Mimi mwenyewe nimemwita hivyo mara nyingi, na nilidhani jina limetokana na meno.

Tangu siku ile Shangazi na Daktari hawajasalimiana. Mji wenyewe mdogo huu, wanaonana kila siku sokoni, kila mmoja anakagua nyanya kana kwamba ni ushahidi.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Pasi. Mistari sita.

Jumatano, 27 Machi

Mvua. Sindano amenikuta nikihutubia shati la mteja. Ameeneza habari. Shati lilitulia kuliko yeye.

Jumamosi, 6 Aprili

Wahitimu wanaongezeka. Mwenye duka la vioo ametia madirisha. Muuguzi mmoja mstaafu, ambaye zamani alikuwa Karani wa mahakama mchezoni, anapaka rangi viti na kuwalisha Makarani wapya hapohapo, brashi mkononi. Tumejaribu kufunga mablanketi kuukuu chini ya bati. Mvua imeyacheka. Mama Pazia ameyashusha ayafue.

Wakati wa kupumzika nilimkuta Daktari nyuma ya jukwaa, amechuchumaa, ananyoosha mgongo.

"Daktari," nikasema, "una kiti chako cha kuzunguka na watu wanakuita bwana. Kwa nini umerudi kuinama humu?"

Alinitazama kama nimekuja kumchokoza. Alipoona sijachokoza, akasema, "Niliingia jukwaani na punda mzima. Sikutoka naye. Nataka nitoke naye."

Ndiyo yote aliyosema. Kisha akaongeza kwamba jino langu la nyuma kushoto limeoza, analiona kila ninapocheka, na ninacheka mno.

Sitamwita lile jina tena. Labda siku za sikukuu.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo Shangazi amekanyaga Jumba.

Ngozi ya zamani ya Punda ililiwa na panya, na hakuna fundi mwingine wa kushona mpya. Alikuja na mfuko wake, akapita katikati ya ukumbi bila kutazama kulia wala kushoto, akampima Sindano. Kisha ikabidi apime miguu ya nyuma. Futi ikabaki hewani kati yao.

"Geuka," akasema Shangazi. Neno la kwanza kwa miaka yote hiyo.

Daktari akageuka. "Mwisho utakuwa upi?"

"Mwisho uko mmoja. Aachiwe."

"Huo ni wako. Mwisho wa Jumba ni kubeba."

"Mwisho wako ulikuwa unalaza watu. Mama mmoja alikuwa anakuja na mto."

"Na wako uliamsha watu kwa gharama ya nani?"

Shangazi akaandika vipimo kwenye kiganja chake, akatia futi mfukoni. Wahitimu wakaanza kugawanyika: waliomtangulia wanataka kubeba, waliomfuata wanataka kuachiwa, kila upande unaapa kwa waliokufa. Muuguzi na mwenye vioo walinyoosheana brashi.

Mama Pazia akapiga kamba ya pazia sakafuni. "Hukumu ni ya Hakimu. Atahukumu siku hiyo, atakavyosikia kesi."

"Mimi?" akasema Dereva. "Mimi naendesha lori tu, Mama."

"Basi endesha na hii."

Jumanne, 30 Aprili

Nimemeza hotuba yote. Shangazi alinisikiliza mwanzo hadi mwisho, akainama kufunga kiatu ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Kisha akasema, "Usijione." Najiona.

Alhamisi, 9 Mei

Siku imepangwa: Jumamosi ya wiki ijayo, alasiri. Alasiri mvua huwa inapumzika. Huwa.

Ijumaa, 17 Mei

Nje kweupe, mawingu hakuna. Nimemwambia Sindano hali ya hewa inaniogopa. Shangazi anashona mshono wa tumbo la Punda. Anapita mara ya pili juu ya mshono uleule.

Jumapili, 19 Mei

Jana sikuweza kuandika. Leo nitaandika yote. Shika kiti.

Walianza kufika tangu adhuhuri. Wahitimu wa miji ya mbali, wengine wamevaa suti, wengine wana fimbo, wengine wamebeba wajukuu na kuwaonyesha: hapa nilisimama, hapa nilianguka. Watu wa mtaa wakajaza yaliyobaki, roshani ikajaa, ngazi zikajaa. Bwana Afisa aliketi mstari wa mbele, daftari gotini. Shangazi alikaa mstari wa tatu, kando, kama mtu anayengoja basi.

Mama Pazia akavuta kamba. Tukaanza.

Nani alicheza vizuri? Wote. Sindano alitikisa sikio moja tu la Punda na ukumbi ukafa kwa kicheko. Dereva akasoma mashtaka, mtoto mmoja akalia kwa hofu, Dereva akamtupia jicho na mtoto akacheka. Karani akaapisha shahidi. Mambo yakaenda kama pasi juu ya hariri. Kisha Hakimu akauliza nani anamtetea mnyama huyu, na mimi nikasimama.

Nilivuta hewa mahali pa kuvutia hewa. Nikafungua kinywa.

Na mbingu ikafungua chake.

Haikunyunyiza kwanza kama mvua yenye adabu. Ilimwagika. Lile bati nililolishangilia likanguruma juu ya vichwa vyote. Nilisema mstari wa kwanza na ukanifia kwenye meno. Nikapiga kelele, sikujisikia. Watu wa roshani wakaweka mikono masikioni. Sindano, ndani ya kichwa cha Punda, alinigeukia, na nilijua anachosema kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nakisema: magunia, Mdomo, magunia.

Bwana Afisa akatazama juu. Akafunga daftari. Akashika mikono ya kiti, akaanza kuinuka.

Mimi, msomaji, nina sauti kubwa kuliko kijana yeyote ninayemjua. Jana niligundua haitoshi. Basi nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele ya watu. Nikanyamaza. Nilisimama pale, mikono chini, nikamtazama Shangazi.

Akasimama. Hakuangalia mtu. Alifungua kinywa, na kutokana na midomo yake nikajua amesema mstari wa kwanza. Nikavuta hewa pamoja naye na kuusema wa pili. Mstari wa nyuma akasimama mzee mwenye fimbo. Kwenye roshani wakasimama wanawake wawili. Karibu na mlango, baba mmoja akamkabidhi mtoto kwa jirani akasimama. Sikuwajua. Nikatambua baadaye: wote walikuwa Wakili. Kila mwaka Wakili wake, na kila mmoja alikuwa amemeza maneno yaleyale.

Hakuna aliyetuongoza. Hatukuhitaji. Pumzi zilikuwa mahali pamoja. Tulivuta hewa kama mtu mmoja na kusema kama mtu mmoja, na sauti ile ikapanda, ikaifikia mvua, ikaipita. Nakuapia iliipita. Nilisikia kila neno. Nilisikia hotuba yangu ikisemwa na watu walioisema kabla mama yangu hajazaliwa, na mimi ndani yake nikiwa mmoja wao, na sikutaka kusikika peke yangu. Hilo nalo ni mara ya kwanza.

Karani alipojibu, Makarani wa miaka yote wakasimama wakajibu naye, Muuguzi mbele yao na rangi bado kwenye kucha. Mashahidi wakasimama. Wakulima wakasimama, hata Wakulima wa Tatu, wasiosema kitu. Walisimama tu, na sijawahi kuona wasiosema kitu wakisimama vizuri vile. Ukumbi ulikuwa jukwaa. Bwana Afisa alibaki nusu amesimama nusu ameketi, kama mtu aliyebanwa na mlango, kisha akaketi.

Tulipofika kwenye hukumu mvua ikachoka. Ikashuka hadi kunong'ona. Dereva alisimama na nyundo yake ya mbao, akatazama wa kubeba, akatazama wa kuachiwa. Jasho lilimtiririka.

"Nimeendesha mizigo maisha yangu yote," akasema, na haya hayakuwa maneno ya mtu yeyote kabla yake, kwa hiyo naruhusiwa kuyaandika. "Najua kubeba ni nini. Punda, nenda zako. Uko huru."

Watu walipiga makofi, wengine wakaguna. Sindano akainua kichwa cha Punda, akapiga hatua kuelekea ngazi za jukwaa.

Miguu ya nyuma ikaketi.

Hakuna asiyeijua hadithi ile. Sindano alivuta, ngozi ikanyooka, nikasikia uzi ukilia. Nikainama kwenye mkia. "Daktari, twende. Umeachiwa."

"Mimi sijaachiwa," ikasema sauti ndani ya ngozi. "Mwaka wangu hakuna aliyeniambia."

Halafu Shangazi akapita mstari wa tatu, wa pili, wa kwanza, akapanda jukwaani na viatu vyake vya kazini, akapiga magoti kando ya makalio yale ya kitambaa.

"Kaka," akasema. Mvua ilikuwa imenyamaza kabisa, kila mtu alisikia. "Siku ile ilinipasa nikwambie kabla. Nilimtoa punda nikakuacha wewe. Inuka. Leo tunatoka wote."

Mkono wa Daktari ukatoka kwenye ngozi, ukapapasa tumbo la Punda.

"Mshono umeushona wewe?"

"Nimeupitia mara mbili."

"Basi sawa."

Miguu ya nyuma ikainuka. Punda mzima, kichwa hadi mkia, akashuka ngazi, Shangazi akimshika sikio, akapita katikati ya watu, na watu wakasimama kumpisha kama anavyopishwa bibi harusi. Akatoka mlango mkubwa hadi barabarani, kwenye madimbwi. Ukumbi wote ukamfuata nje, waliotaka kubeba na waliotaka kuachiwa, wanacheka, wanalia, wamelowa viatu. Dereva alikimbilia lori akapiga honi. Katikati ya barabara Daktari akatoa kichwa nje ya ngozi, nywele zimesimama, miwani imejaa ukungu, na mji ukampigia makofi yeye, mtu mzima, ukimwita kwa jina lake la udaktari.

Nilirudi ndani kuchukua joho langu. Bwana Afisa alikuwa peke yake kwenye mstari wa mbele. Mama Pazia alikuwa amesimama mbele yake, mkono wazi. Afisa akatoa ufunguo mfukoni, akautia mkononi mwake, akaufunga mkono ule kwa mikono yake miwili.

Jumatano, 22 Mei

Nimempelekea Daktari shajara. Aliisoma kitini pake mwenyewe, huku mgonjwa akingoja. Alipofika pale pa jina, alinitazama juu ya miwani. Alipofika mwisho, akasema nina makosa ya tahajia ya kutosha kujaza kinywa. Kisha akaniketisha akaling'oa lile jino la nyuma, bure. Najua alifurahia.

Shangazi amemshonea koti. Bado wanabishana juu ya mwisho, lakini sasa wanabishana wamekaa meza moja.

Jumamosi, 25 Mei

Leo jua. Wahitimu wamekubaliana: kila anayeondoka ataleta gunia moja la katani, popote atakapolipata, hadi dari irudi. La kwanza nimeleta mimi. Nimezunguka masoko yote kulitafuta. Mama Pazia alilipokea, akalinusa, akasema, "Naona." Safari hii ilikuwa furaha, nimeisikia.

Jioni, nikipiga pasi, mtu akabisha hodi. Bwana Afisa, bila tai.

"Kijana," akasema, "nimeambiwa aliyecheza nafasi ndiye anayelisha. Nami... mwakani... kama nafasi ya Wakili itakuwa wazi..."

Shangazi akauma pini asicheke. Sindano hakuuma kitu.

Nikaweka pasi pembeni. Nafasi yangu, msomaji. Nafasi yangu mwenyewe. Lakini sheria ya Jumba ni sheria. Bwana Afisa akafungua daftari, akaitoa ile kalamu.

"Kalamu mfukoni, Bwana," nikamwambia. "Simama hapo."

Akasimama. Nikavuta hewa mahali pa kuvutia hewa, nikasema mstari wa kwanza wa Wakili, mara moja tu.

Akarudia. Akakosea.

Nikamwambia arudi kesho.